Jina Nyuma ya Kiti

Albano alikuwa fundi baiskeli. Alikaa Chang'ombe, nje kidogo ya mji wa Dar es Salaam, pamoja na mkewe Filomena na binti yao Demetria. Walikuwa watu wa kusini, upande wa Masasi. Mwaka huo ulikuwa 1954.

Kila asubuhi Filomena aliwasha moto, akachemsha chai ya rangi na mihogo. Albano alikunywa chai yake amesimama. Kisha alitoa vyombo vyake ndani, akavipanga juu ya gunia mbele ya nyumba: spana, pampu, gundi, vipande vya mpira, na karai la maji la kutafutia tundu. Alipomaliza kupanga, alikaa kwenye kigoda akangoja.

Siku hizo kungoja ndiko kulikokuwa kazi yake kubwa.

Si kwamba Albano hakujua kazi. Alijifunza kwenye shamba la mkonge huko Morogoro, alikotengeneza baiskeli za manyapara kwa miaka mitano. Rimu iliyopinda aliinyoosha mpaka ikazunguka bila kuyumba. Baiskeli iliyopita mikononi mwake haikurudi kwa ubovu uleule. Lakini nyumba yake ilikuwa uchochoroni, nyuma ya bomba la maji. Wenye baiskeli walipita barabara kubwa, na pale barabarani alikuwapo fundi mwingine mwenye kibao chekundu. Watu walikiona kibao, wakasimama hapo hapo.

Siku moja mchana Filomena alimletea mumewe chakula. Albano alikula matonge mawili, akanawa.

"Mama Demetria," alisema, "nimefikiri sana. Mwezi huu ukiisha na hali ikiwa hivi, nitarudi mkonge."

Filomena aliweka sahani chini. "Na sie?"

"Nyie mtabaki hapa. Nitawaletea kitu kila nikipata."

"Mara ya kwanza ulisema unakwenda mwaka mmoja," alisema Filomena. "Ukakaa mitano. Uliporudi, mtoto alikukimbia. Alijificha nyuma yangu, akaniuliza huyu mgeni atalala wapi."

Albano alichukua spana, akaanza kuifuta. Ilikuwa kweli, na hakuwa ameisahau hata siku moja.

"Nipe mwezi huu wote, tufikiri pamoja," Filomena alisema.

Siku ya pili Albano akapata shauri. Alikumbuka kwamba duka moja la Kariakoo humpa peremende kila mtu anayenunua kitu. Akanunua kopo la peremende, akaenda kusimama barabara kubwa. Kila aliyepita alimpa moja.

"Mie Albano, fundi baiskeli," alisema. "Niko kule, nyuma ya bomba."

Watu walishukuru. Kabla ya adhuhuri kopo likawa tupu. Watoto wa shule walikuwa wamepita mara tatu, kila mara kwa njia nyingine. Albano alirudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda chake kungoja wateja. Siku hiyo hakuja mtu. Kesho yake hakuja mtu. Siku ya tatu alikuja mzee mmoja kwa miguu, akauliza kama peremende zimebaki.

Nyumba ya tatu kutoka kwao alikaa Mzee Projestus, mtu wa Bukoba. Alikuwa mpanga herufi katika kiwanda kimoja cha kupiga chapa mjini. Kazi yake ilikuwa kupanga herufi za risasi, moja moja, mpaka ukurasa ukamilike. Jumamosi hiyo alirudi kutoka kazini mapema, akaegemeza baiskeli yake ukutani kwa Albano.

"Shikamoo, Mzee Projestus," alisema Albano.

"Marahaba. Nimesikia habari za peremende zako."

Albano aliona haya kidogo. "Zimeliwa, mzee, na mie nimesahauliwa."

Projestus alikaa juu ya sanduku, akavua miwani, akaifuta. Filomena alikuwa mlangoni akipepeta mchele.

"Pale kazini kwetu," alianza Projestus, "kila mwaka ukikaribia kwisha tunachapa kalenda za wenye maduka. Wanazigawa bure. Nyie hamna kalenda hapa ndani?"

"Tunayo moja," alijibu Filomena.

"Ni ya duka gani?"

Filomena alilitaja jina la duka na mtaa lilipo. Hakugeuka hata kuitazama kalenda yenyewe.

"Umewahi kununua kitu pale?"

"Khanga hii niliyovaa."

Projestus alicheka polepole. "Umeona, Albano? Mwenye duka alimpa mkeo karatasi. Mkeo akaitundika kwenye ukuta wake, kwa msumari wake. Kila akitaka kujua tarehe anaona jina la duka. Sasa niambie, peremende yako ilikaa na mtu muda gani?"

"Mpaka ikayeyuka."

"Na jina lako lilikuwa wapi?"

"Mdomoni mwangu tu," alisema Albano. "Nilisema, wakapita."

"Tena, katika wote uliowapa, wenye baiskeli walikuwa wangapi?"

Albano alifikiri. "Wachache. Wengi walikuwa watoto."

"Basi kosa si kutoa zawadi," alisema Projestus. "Zawadi ya biashara ni jambo zuri. Lakini mpe yule anayeweza kuwa mteja wako. Mpe kitu kitakachomfaa kila siku, hata asitake kukitupa. Na jina lako liwe juu yake, pamoja na mahali unapopatikana. Sasa kaeni mfikiri. Mwenye baiskeli anakosa nini?"

Jumatatu Filomena alikwenda kwenye kiwanda cha mbao kilichokuwa upande wa pili wa barabara. Alikwenda kununua maranda na vipande vya kuni. Kando ya ukuta zilisimama baiskeli za wafanyakazi, safu ndefu. Mara mvua ikanyesha, mvua ya ghafla, ikakatika. Kengele ya mchana ikalia na watu wakatoka. Filomena alisimama na mzigo wake kichwani, akatazama.

Mtu wa kwanza alifuta kiti cha baiskeli yake kwa kiganja. Wa pili alichuma jani la mgomba. Wa tatu alitandika gazeti juu ya kiti, akakaa, na gazeti likachanika. Viti vingine vilikuwa vimepasuka, na vimenyonya maji kama sifongo.

Alipofika nyumbani alitua kuni, akasema, "Baba Demetria, watu wale wanakalia maji."

"Watu gani?"

"Wenye baiskeli. Viti vyao vinalowa mvua, na jua likiwaka vinaunguza. Tuwashonee vifuko vya kufunika viti. Juu yake tuandike jina lako."

Albano alisimama. Alizunguka baiskeli ya Mzee Projestus, iliyokuwa imeletwa kutiwa upepo, akapima kiti kwa shubiri yake. Kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi alitabasamu.

Walianza kazi siku hiyo hiyo. Filomena alinunua merikani nyeupe, akakata na kushona kwa mkono. Alitia uzi pembeni ili kifuko kifungwe chini ya kiti. Projestus aliandika maneno kwenye karatasi: ALBANO FUNDI BAISKELI, CHANG'OMBE BOMBANI. Aliyaandika kinyume. "Muhuri husomeka kinyume," alieleza, "ndipo chapa yake isomeke sawa." Kisha Kornelio, binamu yake Albano aliyekuwa mchonga vinyago huko Temeke, akayachonga maneno hayo kwenye kipande cha mpingo, kikawa muhuri.

Vifuko vilipofika thelathini Albano alinunua wino wa mihuri, akavipiga chapa vyote katikati. Herufi zilitoka za buluu, kubwa, safi. Vilipendeza.

"Kabla ya kugawa, jaribu kimoja," Projestus alimwambia. "Kiloweke. Kisha kisugue kwa kitambaa cheupe, uone. Sie hatutoi kitu nje kabla ya kukijaribu."

"Nitafanya hivyo, mzee," alisema Albano.

Lakini siku za mwezi zilikuwa zinakwenda. Albano alitaka watu waone jina lake upesi. Asubuhi Filomena alimkumbusha habari ya kujaribu.

"Wino ni wino," Albano alisema. "Barua zinapigwa mihuri kila siku, umeona zinachuja?"

"Barua haikaliwi na mtu," alisema Filomena.

Albano alikwisha kuchukua furushi lake. Alisimama mlangoni pa kiwanda cha mbao, akagawa. Akaenda kwenye bohari karibu na stesheni ya reli, akagawa vilivyobaki. Kila mmoja alipokea kwa furaha na kukifunga pale pale. Siku mbili zilipita, na watu wawili wakaja kuziba pancha. Albano aliimba akiwa kazini.

Siku ya tatu, saa nane mchana, alikuja mtu anayekokota baiskeli. Mkono mmoja ulishika usukani. Mkono wa pili ulishika gazeti, naye alijikinga nalo nyuma. Alikuwa karani wa bohari, Mpare, jina lake Elinaza. Alivaa shati jeupe na kaptula nyeupe iliyopigwa pasi.

"Wewe ndiye Albano?" aliuliza.

"Ndiye mie, bwana. Karibu."

Elinaza aliondoa gazeti, akageuka. Juu ya kaptula yake nyeupe, kwenye makalio, palikuwa na herufi kubwa za buluu. Zilikuwa kinyume, lakini mwenye nia ya kuzisoma aliweza kuzisoma.

Albano alilisoma jina lake.

"Ni jasho," Elinaza alisema kwa sauti ya chini. "Nimetoka nyumbani safi. Nimeingia ofisini, nimepeleka barua kwa mkubwa, nimepanga foleni posta. Watu wanacheka na mie sijui sababu. Mwisho mkubwa wangu ameniita. Ameniuliza Albano ni nani, na kwa nini nimempa nafasi ile."

Demetria alikuwa karibu, kicheko kinataka kumtoka. Mama yake alimtazama mara moja tu, naye akaingia ndani haraka.

"Kaka, tusamehe," alisema Filomena. "Kosa ni letu. Ingia ndani, chukua kikoi hiki uvae. Nipe kaptula niifue."

Aliifua kwa sabuni. Akaifua tena kwa limau na chumvi, akaianika juani. Herufi zilififia, lakini hazikutoka. Filomena aliileta mwenyewe, hakuificha.

"Haitoki," alisema. "Nitakushonea nyingine ya drili. Nipe siku mbili."

"Si lazima, dada," alisema Elinaza. Hasira yake ilikuwa imepungua.

"Ni lazima. Jina letu ndilo lililoharibu nguo yako."

Alipoondoka Albano aliingia ndani, akalala kifudifudi juu ya kitanda. Jua lilikuwa bado juu.

"Nimeandika aibu yangu kwa mkono wangu mwenyewe," alisema, "kisha nikaigawa bure. Afadhali ningekwenda mkonge kabla ya haya."

Asubuhi ya pili alikuja Adelard, nyapara wa kiwanda cha mbao. Alikuwa amesikia kisa cha kaptula. Alisimama kando ya kigoda, akasema kwa sauti ndogo.

"Fundi, achana na vitambaa. Mie nina watu zaidi ya arobaini wenye baiskeli. Nipe dinamo moja na taa yake, mpya. Nitawaamuru wote waje kwako. Atakayekwenda kwingine ataniona."

"Nipe mpaka kesho nifikiri," alisema Albano.

Kweli alifikiri. Watu arobaini ni wengi. Jioni jua lilipopungua alimweleza Projestus mbele ya Filomena.

"Mzee, wewe ulisema zawadi ya biashara ni jambo zuri. Basi hii nayo si zawadi?"

"Wale watu arobaini watakuwa na hiari?" aliuliza Projestus.

"Hapana. Wataamriwa."

"Na dinamo utampa mbele yao?"

"Hapana. Anataka kwa siri."

"Basi hiyo ni hongo," alisema Projestus. "Zawadi hutolewa waziwazi. Anayepewa ana hiari ya kuja au kutokuja. Ukimpa mtu mmoja kwa siri ili awabane wenzake, umenunua shida. Leo anataka dinamo. Kesho atataka baiskeli. Akitokea fundi wa kumpa zaidi, watu wale arobaini watahamishwa kwa amri ile ile. Tena watakuchukia, kwa sababu hawakukuchagua."

Albano aliinamisha kichwa. "Sasa nifanye nini? Vifuko vyangu viko juu ya viti vya watu."

"Tukavichukue," alisema Filomena. "Kabla wengine hawajachafuka."

"Nisimame mbele ya watu wote wale, niwaambie zawadi yangu ni mbovu?"

"Ndiyo. Heri wasikie kutoka kwako kuliko waone wenyewe kwenye nguo zao."

Projestus alivaa miwani yake. "Mkeo amesema," alisema.

Siku iliyofuata kengele ya kutoka ilipolia, Albano alikuwa mlangoni pa kiwanda cha mbao. Kwanza alimwambia Adelard kwamba dinamo hatatoa. Nyapara alimtazama, akatema mate chini, akaenda zake. Ndipo Albano akapaza sauti.

"Ndugu zangu, vifuko nilivyowapa vinachuja wino. Sikuvijaribu. Naomba mnirudishie, niwatengenezee vingine vizuri. Na ambaye nguo yake imeharibika, aniambie."

Mtu mmoja akacheka, na wengine wakacheka, lakini hawakucheka kwa ubaya. Walivifungua vifuko, wakamrudishia. Wawili walimwonyesha madoa kwenye suruali zao za kazi, wakasema si kitu, zilikuwa chafu tangu zamani. Mmoja alisema chake mkewe anashikia sufuria. Albano akaenda bohari, akasema maneno yale yale. Alirudi nyumbani jioni na furushi kubwa, amechoka, lakini usingizi ulimjia upesi.

Safari hii hawakufanya haraka. Filomena alifunga kifuko kimoja kwenye kiti cha baiskeli ya Projestus.

"Mzee, hebu kaa," alisema.

Projestus akakaa. Filomena akazunguka nyuma, akatazama.

"Jina liko wapi sasa?"

"Chini yangu," alisema Projestus.

"Kwa hiyo hata wino usingechuja, hakuna ambaye angelisoma. Tumeandika mahali pa kukalia. Tuongeze ulimi wa nguo, uning'inie nyuma ya kiti. Jina tuliandike kwenye ulimi. Hapo hakuna anayepakalia, na kila anayekuja nyuma analiona."

Projestus aliteremka, akautazama mkono wa Filomena ulivyokuwa umeshika nguo pale nyuma ya kiti. "Miaka ishirini nimepanga herufi," alisema, "na sikuliwaza hilo."

Merikani waliiacha. Walitafuta nguo nzito ya turubai, vile vipande vinavyobaki mafundi wakishona maturubai ya malori. Wino wa mihuri waliuacha pia. Projestus aliwapeleka kwa mtu anayeandika majina kwenye milango ya malori, wakapata rangi ya mafuta. Yule mtu aliwaonya: "Pakeni nyembamba. Iacheni ikauke siku tano, kwenye upepo. Mkiigusa kabla ya hapo msinilaumu."

Walichapa jina kwenye ulimi, wakaingoja rangi siku tano kamili. Kila siku Albano alitaka kuigusa, na kila siku Filomena alimwambia aondoe mkono.

Siku ya sita Filomena aliloweka kifuko kimoja kwenye ndoo tangu asubuhi hadi alasiri. Akakisugua kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kilibaki cheupe. Akakisugua tena kwa sabuni. Kitambaa kilibaki cheupe.

"Bado," alisema Albano. Aliingia ndani, akatoka amevaa suruali yake nyeupe ya kanisani, aliyoivaa siku ya harusi yao. Mvua ilikuwa inanyesha. Albano alikifunga kifuko kwenye kiti cha baiskeli, akapanda, akaenda hadi Temeke, akageuza, akarudi.

Pale bombani wanawake walikuwa wamepanga ndoo zao, na wote walikwisha kusikia habari. Albano alishuka. Hakuambiwa, aligeuka mwenyewe. Wanawake walimkagua kwa makini, mmoja akainama kabisa. Miguuni suruali ilijaa matope. Nyuma haikuwa na doa hata moja.

"Sasa gawa," alisema Filomena.

Hawakutengeneza thelathini. Walitengeneza kumi na tano kwanza. Mtu wa kwanza kupewa alikuwa Elinaza. Siku nyingi nyuma alikwisha kupata kaptula yake ya drili, na ilimkaa vizuri kuliko ile ya zamani. Alikipokea kifuko, akakigeuza huku na huku. Akalowesha kidole kwa mate, akasugua herufi kwa nguvu, akatazama kidole chake.

"Nitakifunga," alisema mwisho. "Lakini wiki hii nitavaa suruali nyeusi."

Wiki iliyofuata alipita na kaptula nyeupe.

Wateja walianza kuja mmoja mmoja. Filomena alikuwa na desturi mpya. Kila mgeni aliyefika alimwuliza, "Karibu, umetujuaje?" Wengine walisema wameelekezwa na jirani. Lakini wengi walisema, "Nimesoma nyuma ya baiskeli ya mtu." Alipouliza ni baiskeli ya nani, mara nyingi jibu lilikuwa moja: ya tarishi fulani wa ofisi, anayepeleka barua Kurasini, Ilala na mjini kutwa nzima.

Filomena alimwambia mumewe, "Baiskeli inayosimama ukutani tangu asubuhi hadi jioni inaonwa na watu wachache. Ya tarishi inaonwa na mji mzima. Vifuko vijavyo tuwape matarishi."

Wakafanya hivyo, na watu wakazidi.

Projestus alikuwa akipita jioni, akiona baiskeli tatu au nne zimeegemezwa. Siku moja alimwambia Albano, "Usisahau jambo moja. Kifuko kimemleta mtu mara moja. Mara ya pili ataletwa na kazi yako."

"Najua, mzee," alisema Albano. "Ndiyo maana huyu mwenye baiskeli hii nimemwambia arudi kesho. Nikiharakisha, jina lile nyuma ya kiti litanisuta."

Hata Adelard alikuja, cheni yake imekatika. Hakusema habari za dinamo. Albano aliiunga cheni, akapaka mafuta, akampa kifuko kama alivyowapa wengine, mbele ya watu. Adelard alikichukua, akaondoka. Mwezi ulikwisha, na mwingine ukaanza. Habari za kwenda mkonge hazikutajwa tena pale nyumbani, na Demetria akaandikwa shule.

Basi asubuhi moja alifika mtu mgeni kabisa. Baiskeli yake ilikuwa na matenga mawili ya nazi, na gurudumu la nyuma lilikuwa linalia. Alijitaja jina lake, Mwishehe, mkulima wa Mbagala. Kila siku alipeleka nazi sokoni.

"Karibu, baba," alisema Filomena. "Umetujuaje?"

Mwishehe alifuta uso kwa kofia yake.

"Mie ni mtu mzima, mama," alisema. "Shule sikwenda. Mwaka huu tumefunguliwa darasa la watu wazima kule kwetu, nami nimeingia. Najua herufi, lakini mpaka leo nilikuwa nasoma ubaoni tu, mwalimu akiwa kando. Leo njiani nilikuwa nyuma ya mtu. Nikaona herufi zinaning'inia. Nikasema, hebu. A, L, BA. Yule mtu anakwenda mbio, na mie nina nazi. Nikamfuata. Nilipofika FUNDI nilikuwa nimepita njia yangu ya sokoni. Nikasema sirudi mpaka niyamalize maneno haya. Nilipomaliza BOMBANI nilikuwa natoka jasho kama nimelima. Kisha nikauliza bomba liko wapi."

Albano aliacha spana yake. Alimsaidia kuteremsha matenga, akaigeuza baiskeli, akaanza kazi. Spoki tano zilikuwa zimekatika. Alizibadilisha zote, akanyoosha rimu, akaizungusha mbele ya macho ya mwenyewe mpaka akaridhika. Filomena alileta kifuko kipya. Mwishehe alikishika kwa mikono miwili. Aliweka kidole chini ya kila neno, akalisoma kwa sauti, polepole, tangu mwanzo hadi mwisho. Wateja waliokuwa wakingoja walinyamaza mpaka akamaliza.

"Nimekusoma, fundi," alisema.

Jumatatu walikuja wakulima wanne kutoka Mbagala, baiskeli zao zimebeba matenga. Wiki iliyofuata walikuja saba. Albano akaunda benchi refu la mbao, akaliweka kivulini kando ya nyumba, ili wateja wapate mahali pa kungojea.